Somo: Kupima mwendo wa ardhi baada ya tetemeko kubwa kwa vituo vya GPS

Wanafunzi wangu hapa Goma huniuliza ardhi ya Japani ilisogea kiasi gani mwaka 2011, nami huwauliza kwanza: kufikia siku gani? Tarehe 11 Machi, pale bamba la Pasifiki (kipande kikubwa cha ganda la dunia) linapozama chini ya Japani, tetemeko la Tohoku liliisogeza rasi ya Oshika karibu mita 5.3 upande wa mashariki na kusini kidogo, likaishusha zaidi ya mita moja. Rasi hiyo haikutulia: iliendelea kwenda mashariki, na ardhi iliyoshuka ikaanza kuinuka polepole.

Hatua ya 1. Chukua nafasi za kila siku za kituo kimoja katika safu tatu: mashariki, kaskazini na juu. Safu ya juu ina makosa makubwa zaidi, kwa kuwa setilaiti zote ziko juu yetu na hakuna iliyo chini.

Hatua ya 2. Amua unalinganisha na nini. Kituo jirani hakifai, maana nacho kimevutwa na tetemeko hilohilo; tafuta cha mbali ambacho hakikuvutwa.

Hatua ya 3. Chora mstari wa mwendo wa kabla ya tetemeko, kwa data za miaka miwili na nusu au zaidi, ukiondoa kupanda na kushuka kwa majira kunakoletwa na uzito wa mvua na theluji. Kisha urefushe mstari huo hadi mwisho wa data. Wengi huipita hatua hii haraka, na hapo ndipo kazi yao huharibika: ukikosea milimita 3 kwa mwaka, baada ya miaka kumi utakuwa na sentimita 3 za uongo, nawe utazieleza kana kwamba ni mwendo wa miamba ya chini.

Hatua ya 4. Pima mruko, yaani umbali ambao kituo kilisogezwa ghafla na tetemeko: wastani wa siku chache baada ya tetemeko, toa wastani wa siku chache kabla, ukiiacha siku yenyewe.

Hatua ya 5. Ondoa mstari na mruko, kisha chora kinachobaki dhidi ya logi (logarithimu) ya idadi ya siku tangu tetemeko.

Maswali ya wanafunzi

Mwalimu, kwa nini logi?
Kwa sababu ufa wa tetemeko, yaani mahali mabamba mawili yanapokutana, unaoendelea kuteleza kwa msuguano hupunguza kasi kwa namna hiyo. Lakini miamba yenye joto iliyo chini zaidi nayo hutiririka kwa miaka mingi, na vituo vya nchi kavu peke yake havitenganishi vizuri visababishi hivi viwili. Vipimo vya sakafu ya bahari ndivyo vilivyosaidia: baada ya 2011, sehemu ya sakafu karibu na handaki la Japani (bonde refu la chini ya bahari, pale bamba linapoanza kuzama) ilisogea magharibi huku nchi kavu ikienda mashariki, jambo ambalo kuteleza kwa ufa peke yake hakulielezi.

Simu yangu ina GPS. Haitoshi, ndugu?
Haitoshi. Simu hukosea kwa mita kadhaa. Kituo cha kudumu kimefungwa kwenye mwamba, na hupima sehemu ndogo ya wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 19.

Je, hesabu hii inafaa hapa kwetu, Mwalimu?
Inafaa, ila hatua ya 4 ibadilishwe. Mei 2021, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, magma (mwamba ulioyeyuka) iliingia chini ya mji na ziwa, na nyufa zikafunguka mitaani kwa siku kadhaa. Huo si mruko wa siku moja. Upime siku kwa siku.