Jinsi ya kuhesabu wanawake chuoni au ofisini bila kudanganywa na jumla

Usianze na jumla. Ukiambiwa wanawake ni 40 kati ya wafanyakazi 100, omba orodha ya mishahara isiyo na majina ila yenye jinsia, uipange kwa vyeo; chuoni ni: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Makatibu muhtasi na wahudumu wahesabu peke yao, maana wakichanganywa humo wanaweza kuinenepesha jumla.

Kila cheo kiandikie namba mbili, wanawake na wote. Asilimia hupotosha penye watu wachache: mmoja kati ya watatu ni asilimia 33, akistaafu imebaki sifuri.

Kisha fuatilia miaka 3 ya ajira: walioomba, walioitwa usaili, walioajiriwa, waliopanda cheo. Wanawake wakipungua ghafla kabla ya usaili, kagua tangazo na vigezo vya mchujo. Wakikwama kwenye kupanda cheo, kagua tarehe za likizo zao za uzazi. Sheria ya Tanzania inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kamati ya kupandisha vyeo ikihesabu machapisho yake kana kwamba hakutoka ofisini, inamdhulumu. Dai fomu ya kupanda cheo iwe na sentensi hii: “Muda wa likizo ya uzazi uondolewe kabla ya kugawa machapisho kwa miaka.”