Jinsi ya kutembelea makao ya sokomutu ya Lwiro ukitokea Bukavu

Wakaaji wengi wa Bukavu wamepita Kavumu mara nyingi, wakienda uwanja wa ndege au sokoni Katana, bila kujua kwamba upande wa milima, si mbali na barabara hiyo, kuna makao ambamo sokomutu zaidi ya 100 (vitabu huwaita sokwe mtu) wanalelewa pamoja na kima wa aina nyingi. Lwiro iko katika wilaya ya Kabare, mkoa wa Kivu Kusini nchini Kongo, zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Bukavu, kwenye vilima vilivyo kati ya Ziwa Kivu na msitu wa Kahuzi-Biega. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 2002 kwa ushirikiano wa ICCN, ambayo ndiyo taasisi ya serikali inayolinda mbuga zetu, na CRSN, yaani kituo cha utafiti wa sayansi cha Lwiro. Ninaandika maelekezo haya kwa ajili ya familia, walimu na vijana wanaotaka kwenda huko, na hasa kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba wanakwenda kuona maonyesho ya wanyama.

Ni vizuri jambo hilo lieleweke mapema, kwa sababu mengine yote yanalifuata. Lwiro ni nyumba ya yatima. Sokomutu hubebwa na mama yake na kunyonya kwa miaka 4 au 5, na mama hamwachi mtoto wake achukuliwe akiwa hai. Kwa hiyo kila mtoto wa sokomutu aliyeuzwa kando ya barabara au aliyefungwa kamba katika ua wa tajiri ametoka katika mauaji: mama alipigwa risasi, na mara nyingi wengine wa kundi lake waliuawa wakijaribu kumtetea. Nyama iliuzwa, na mtoto akabaki kuwa bidhaa. Anayeingia Lwiro akijua hayo hatahitaji kuambiwa mara mbili kwa nini asipige kelele wala kurusha ndizi.

Usichanganye pia Lwiro na Mbuga ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Mbuga iliundwa mwaka 1970, ikaongezwa mwaka 1975 hadi kufikia kilomita za mraba 6,000 hivi, ikaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1980, kisha mwaka 1997 ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Anayetaka kuwaona gorila wa nyanda za chini za mashariki, ambao sisi huwaita ngagi, hukata kona mahali paitwapo Miti na kupanda hadi kituo cha Tshivanga, na huko taratibu ni nyingine kabisa. Yatima wa ngagi hawa hupelekwa kwenye makao ya GRACE huko Kasugho, katika Kivu Kaskazini, na Lwiro hutawaona. Utakaowaona ni sokomutu, pamoja na wale ambao wengi wetu huwaita makako kwa jina moja, ingawa wao ni jamaa mbalimbali: wapo nyani, wapo kima wa L'Hoest wenye ndevu nyeupe, na wapo kima wenye uso wa bundi, ambao wana mstari mweupe unaoshuka puani na ambao mtu anaweza kuishi Kivu maisha yake yote asiwaone porini.

Kabla ya kuondoka

Hatua ya kwanza ni kuuliza habari za usalama, na hatua hiyo hairukwi hata kama ulikwenda mwezi uliopita. Tangu mapigano yalipofika Kavumu na Bukavu mwezi wa Februari 2025, barabara ya kaskazini si ya kuizoea. Piga simu kituoni siku mbili au tatu kabla, uulize kama wageni wanapokelewa, saa gani wanyama wanalishwa, bei ya kiingilio ni ngapi kwa mkaaji na kwa mgeni wa kutoka nje, na kama kuna masharti kwa watoto. Asubuhi ya safari, uliza tena kwa mtu anayeishi Kavumu au Katana, kwa maana habari ya jana haitoshi. Ikiwa mmoja kati ya hao wawili anasita, ahirisha safari.

Hatua ya pili inahusu afya, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Magonjwa yetu yanawapata sokomutu kwa urahisi kwa sababu miili yao inakaribiana sana na yetu, na mafua yanayomfanya mtoto wetu akae nyumbani siku mbili yanaweza kumuua mtoto wao. Katika msitu wa Kibale, nchini Uganda, mwaka 2013, kirusi cha mafua cha aina inayowapata watoto wa binadamu kiliwaua sokomutu 5 katika kundi la 56. Hao walikuwa porini, wenye nafasi ya kutawanyika. Fikiria sasa makao ambamo wanyama wengi wanalala karibu karibu usiku. Tena mkoa wetu umekwisha kuonja mpox, ugonjwa ambao nao huwapata sokwe. Basi mwenye kikohozi, homa, kuhara au vipele asiende, hata kama amekwisha kulipa gari. Wengine wote wabebe barakoa, na wanawe mikono kwa sabuni wanapofika.

Niliwahi kupanga safari na watoto sita wa ukoo wetu, na asubuhi yake mdogo wao akaamka anapiga chafya. Mama yake alinisihi, akisema, "Kaka, ni vumbi tu, usimnyime furaha mtoto." Tulimwacha kwa bibi yake, akalia, na wiki mbili baadaye nikarudi Lwiro pamoja naye peke yake. Ilinigharimu franka nyingi, lakini ningefanya vivyo hivyo leo.

Njia na mavazi

Gari likitoka Bukavu hufuata barabara kuu ya kaskazini kupitia Mudaka, Miti na Kavumu. Baada ya hapo njia ya udongo hutoka upande wa kushoto na kupanda kuelekea milimani. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, vumbi ni jingi lakini gari lolote lenye nguvu hufika. Katika miezi ya mvua udongo huteleza, na dereva asiyeijua njia hiyo anaweza kukwama. Motari, yaani dereva wa pikipiki, naye anafaa kwa mtu mmoja asiyebeba mzigo, mradi mkubaliane bei ya kwenda, ya kungoja na ya kurudi kabla hamjaondoka, si mkiwa mmekwisha kufika. Toka mapema ili uwe umerudi mjini kabla ya jua kushuka.

Lwiro iko juu ya mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi kuna ukungu na baridi. Vaa suruali ndefu, viatu vilivyofungwa vyenye kushika udongo, na beba koti la mvua hata kama anga ya Bukavu ni safi. Acha nyumbani hereni ndefu, mikufu, kofia pana na miwani isiyo ya lazima, kwa sababu mkono wa sokomutu ni mrefu kuliko unavyodhani na nguvu zake zinapita za mwanamume mzima. Noti za dola zisiwe zimechanika. Kila mtu wa hapa anajua kwamba noti yenye kijitobo itakurudia mkononi. Chakula chako kiliwe garini au mbali na uzio, kamwe si mbele ya wanyama.

Ukiwa ndani

Ukifika, wasalimu walinzi na watunzaji kama unavyowasalimu wenye nyumba. "Jambo papa, jambo mama, poleni na kazi" hufungua mlango, na ukijua kusema "asinge" kwa Kimashi utaona nyuso zikibadilika, kwa kuwa wengi wao ni wazaliwa wa vijiji vya hapo. Mtunzaji ndiye anayeongoza. Akisema simameni, mnasimama. Akisema rudini nyuma, hamuulizi sababu mpaka mmekwisha kurudi.

Simama nyuma ya mstari utakaoonyeshwa. Usiguse uzio, maana sehemu nyingine zina umeme, wala usipitishe kidole, kijiti au simu. Usiwape chakula. Usiwaige kwa kuruka na kupiga kifua, jambo ambalo vijana wetu hulifanya wakidhani linafurahisha, kwani kwa sokomutu dume huo ni mwito wa kupigana; nywele zake zitasimama, atakimbia huku na huku akipiga ukuta, na huenda akaokota jiwe au kinyesi na kulitupa kwa shabaha nzuri. Anayeudhika baadaye si wewe, uliyekwisha kupanda gari, bali wadogo wa kundi, ambao hupigwa wakati mkubwa amekasirika. Picha hupigwa bila mwanga wa kamera, na baada ya kuomba ruhusa. Usiombe kumbeba mtoto wa sokomutu ili upigwe picha naye, na ukiona picha ya namna hiyo kwenye simu ya mwenzako usiisambaze, kwa sababu inamfundisha anayeitazama kwamba mnyama huyo anafaa kufugwa, na anayetaka kufuga atamtafuta muuzaji.

Ukikaa kimya utaona mengi. Wakati wa kulisha ndio mzuri kuliko yote: mahindi, viazi vitamu, ndizi na miwa vinavyonunuliwa kwa wakulima wa jirani huletwa, na kabla hata ndoo haijaonekana, sauti inaanza chini chini, inapanda, halafu kundi zima linaitikia mpaka kilima kinajaa. Tazama nani anakula kwanza na nani anangoja. Tazama nyuso pia, kwa maana hapo watu wengi hukosea: sokomutu anayeonyesha meno yote, ya juu na ya chini, midomo imevutwa nyuma, hacheki, anaogopa. Anayecheza hufungua mdomo huku meno ya juu yakibaki yamefunikwa. Baada ya chakula hukaa wawili wawili wakichambuana nywele kwa subira, na hivyo ndivyo wanavyopatana baada ya ugomvi.

Muulize mtunzaji jinsi mtoto mpya anavyopokelewa. Atakueleza kwamba kwanza anawekwa peke yake, mbali na wengine, apimwe na kutibiwa majeraha, ambayo mara nyingi ni ya kamba kiunoni au ya risasi zilizompiga mama. Kwa muda huo wote anahitaji kubebwa kama mtoto mchanga, na kuna akina mama wa Lwiro wanaoifanya kazi hiyo mchana kutwa. Baadaye huingizwa katika kundi la watoto wenzake, kisha, pole pole, katika kundi la wakubwa. Kwa kuwa sokomutu anayetunzwa anaweza kuishi miaka 50 na zaidi, anayefikishwa hapo leo atahitaji chakula, dawa na ulinzi hata baada ya watunzaji wake wa sasa kustaafu. Mimi hutoa mchango kidogo juu ya kiingilio na kuomba risiti, na nakushauri ufanye hivyo.

Usiondoke bila kutembelea majengo ya CRSN, ikiwa utaruhusiwa. Yalijengwa na Wabelgiji kwa ajili ya taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947, na ndani yake kuna maktaba yenye rafu za mbao pamoja na mkusanyo wa ndege na wanyama waliokaushwa ambao mwanafunzi wa biolojia hatauona mahali pengine katika mkoa huu.

Ukikutana na mnyama anayeuzwa

Inawezekana kwamba njiani, au wiki kadhaa baadaye hapa mjini, utaletewa mtoto wa sokomutu au kima ndani ya kapu. Baada ya kuwaona wa Lwiro, moyo utakusukuma kutoa pesa ili umwokoe. Usinunue. Muuzaji aliyelipwa, hata kwa huruma, hurudi porini kumtafuta mwingine, na sheria ya mwaka 2014 kuhusu ulinzi wa maumbile haimtofautishi mnunuzi mwenye huruma na mwenye tamaa. Usimnyang'anye pia, wala usianze ugomvi na mtu ambaye huenda ana silaha. Kumbuka mahali, saa, sura ya mnyama na hali yake, na namba ya gari ikiwa lipo, kisha uiarifu ofisi ya ICCN au kituo chenyewe cha Lwiro siku hiyo hiyo, kwa sababu mtoto aliyetenganishwa na mama yake hudhoofika haraka na muuzaji naye hakai mahali pamoja. Hifadhi namba ya kituo katika simu yako kabla ya kuondoka Lwiro, wakati bado umesimama mbele ya mtu anayeweza kukupa iliyo sahihi.