Kulinda oksijeni ya ubongo wakati wa upasuaji wa matundu tumboni

Nawaandikia wenzangu tunaolaza wagonjwa kwa nusukaputi hapa Mombasa, hasa wanaoanza kutumia mashine ya kupima oksijeni ya ubongo katika upasuaji wa matundu, yaani ule wa kupitisha kamera na vifaa kwenye matundu madogo tumboni. Mashine hii hupitisha mwanga wa infraredi kwenye paji la uso na kusoma damu iliyo chini yake, ambayo sehemu kubwa ni ya vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Ndiyo maana mtu mzima mwenye afya husoma kama asilimia 60 hadi 80, si 98 kama kidoleni. Usishtuke.

Hatua ya 1: Ngozi. Kwa joto letu mgonjwa hufika na jasho, pengine na mafuta ya nazi, na kibandiko hakishiki. Futa paji kwa spiriti, kausha kwa shashi, bandika kulia na kushoto juu ya nyusi, mbali na nywele. Kama ni mama aliyepakwa piko vidoleni, kipimo cha kidole kihamishie kwenye ndewe la sikio, maana weusi wa piko huweza kuzuia mwanga.

Hatua ya 2: Namba ya mwanzo. Isome mgonjwa akiwa macho, kabla ya kumwekea oksijeni, na uiandike. Usiiruke hatua hii hata daktari akiwa na haraka. Rangi ya ngozi na wingi wa damu huathiri usomaji, kwa hiyo mgonjwa hulinganishwa na yeye mwenyewe. Aliyeanza na 68 akifika 54, ameshuka kwa moja ya tano, yaani takriban asilimia 20. Hapo chukua hatua. Chini ya 50, chukua hatua vyovyote alivyoanza.

Hatua ya 3: Gesi ikiingia. Kaboni dioksaidi hujazwa tumboni kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki. Sikiliza mapigo: tumbo likitanuka ghafla, moyo unaweza kupunguza mwendo sana. Mwombe daktari aachie gesi, na atropini, dawa ya kuharakisha mapigo, iwe tayari kwenye sirinji.

Hatua ya 4: Meza ikiinuliwa upande wa kichwa. Kwa kifuko cha nyongo ndivyo tunavyofanya, na hapa ndipo penye hatari zaidi. Damu hutuama miguuni, na kichwa kiko juu ya moyo. Presha ya mkononi si presha ya ubongo! Pima kwa rula kutoka usawa wa moyo hadi tundu la sikio: kila sentimita 10 toa takriban milimita 7. Mkono ukionyesha wastani wa 65 na sikio liko sentimita 20 juu, ubongo unapata kama 50 tu. Kwa mtu aliyeishi na presha ya juu miaka mingi, hiyo ni kidogo mno. Omba meza iinuliwe polepole.

Hatua ya 5: Namba ikishuka. Anza na shingo: je, imepinda, au kamba ya mpira wa kupumulia imebana vena? Inyooshe, na hakikisha kibandiko hakijabanduka. Kisha presha: maji, dawa ya kuipandisha kama efedrini au fenilefrini, na meza irudishwe kidogo. Kisha oksijeni na mpira wenyewe, maana gesi ikisukuma juu kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, mpira unaweza kuzama kwenye pafu moja.

Halafu kaboni dioksaidi. Ikipanda kwenye monita, mkono huwasha kuongeza pumzi. Ongeza kwa kiasi, kwa sababu ukiishusha mno mishipa ya ubongo hujibana na damu hupungua. Mimi huiweka kati ya milimita 35 na 45 za zebaki. Bado iko chini? Angalia himoglobini, zidisha usingizi ikiwa ni mwepesi, na mwombe daktari apunguze shinikizo la gesi hadi 10 kama bado anaona vizuri.

Kwa upasuaji wa viungo vya ndani ya nyonga, kama kizazi, ambapo kichwa hulazwa chini, tatizo hugeuka: damu hushindwa kurudi kutoka kichwani. Shingo iwe imenyooka tangu mwanzo.

Hatua ya 6: Gesi ikitolewa, laza meza sawa, linganisha na namba ya mwanzo, na uache vibandiko mpaka mgonjwa afumbue macho na kukukaza mkono ukimwambia.