Kuchora maisha ya kila siku kwa kalamu ya wino, bila kupitia penseli

Wengi wakianza kuchora kwa kalamu ya wino wanaogopa kwamba haifutiki, wanaishia kupiga penseli kwanza afu wanapitisha wino juu yake, na hapo mchoro unapoa maana mkono unafuata mstari badala ya kufuata kile unachokiona. Mi nasema penseli iache kabisa. Ukijua kipi kinaanza kwenye karatasi na kipi kinasubiri, hofu inapungua yenyewe.

Kalamu ya kuanzia, Platinum Preppy au Lamy Safari inatosha sana, chukua nibu (ile ncha ya kuandikia) nyembamba, F au EF ambayo ni nyembamba zaidi. Wino ndo wa kuangalia. Usijaze wino wa India, una shellac ndani yake, aina ya gundi, ukikauka kwenye mirija ya kalamu basi umeiua. Kama unataka kupaka rangi za maji juu tafuta Platinum Carbon Black au De Atramentis Document, ukishakauka kwenye karatasi maji hayauondoi, ila nao usiuache ukakaukia ndani ya kalamu, itumie mara kwa mara na uioshe kwa maji ya baridi. Wino wa kawaida unaoyeyuka una raha yake pia: lowesha kidole, pitisha upande wa kivuli, unapata kijivu kizuri sana. Karatasi iwe nzito kidogo, gramu 120 kwa mita ya mraba kwenda juu, isiwe ya kunyonya wino.

Sasa kuchora kwenyewe. Kanuni kubwa ni hii, cha mbele kinachorwa kwanza. Kama mtu kakaa kwenye benchi na nyuma yake kuna ukuta, anza na mtu, afu benchi, ukuta mwisho, na kila mstari wa nyuma ukifika kwenye mwili wake unasimama, maana ukichora benchi lote kwanza litampita mtu tumboni na huwezi kulifuta. Tena mtu ndo anayeondoka, benchi halina haraka.

Kabla ya mstari wowote weka vidoti vitatu: utosi, makalio yalipokaa, na unyayo. Hivyo ndo vipimo vyako, miguu haitaishia nje ya karatasi. Afu angalia shingo imeinama kiasi gani, kwa mtu anayesoma simu kichwa kinakaa mbele ya kifua kabisa, sio juu ya mabega, ukikosa hapo hata uso uwe mzuri vipi haonekani anasoma. Shuka na mgongo kwa mstari mmoja bila kuukwangua kwangua. Akiinuka katikati ya kazi usifunge daftari, subiri mwingine akae vilevile umalizie mikono kwake.

Mstari ukienda vibaya, uache. Chora ulio sahihi pembeni yake, ukoleze kidogo, jicho la mtazamaji litafuata ule uliokolea. Mi naipenda sana michoro yenye mistari miwili miwili hivi, inaonyesha mtu alikuwa anatazama kweli.

Weusi weka mwishoni na usiutapanye kila mahali, chagua sehemu moja, labda nywele au chini ya benchi, ujaze kabisa afu usubiri ukauke kabla hujapitisha mkono hapo. Wa mkono wa kushoto, nyie anzeni kujaza kutokea kulia.