Kuomba digrii ya uhandisi wa migodi au petroli: kilichonigharimu ni namba ya simu

Nimemaliza kujisajili mwaka wa kwanza juzi tu, risiti bado ziko mfukoni, kwa hiyo naandika kabla hasira hazijapoa. Huu ni mwongozo wa aliyemaliza kidato cha sita na anataka uhandisi wa migodi au wa petroli hapa Tanzania. Kujaza jina na tarehe ya kuzaliwa sitakufundisha.

Anza na kitabu cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, si na steshenari. Tangu 2017 hakuna tena ule mfumo mmoja wa kuombea vyuo vyote. Unaomba chuo kimoja kimoja kwenye tovuti yake. TCU inatoa mwongozo wa udahili kila mwaka, mmoja wa waliotoka kidato cha sita, mwingine wa wenye stashahada. Upakue, fungua kurasa za UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na UDOM (cha Dodoma), kisha soma jedwali mpaka safu ya mwisho. Wengi wanaishia kwenye jina la programu. Neno petroli utalikuta kwenye uhandisi, kwenye jiolojia na kwenye kemia, na hizo ni digrii tatu tofauti. Nina mwenzangu bwenini aliyegundua wiki ya pili kwamba yuko jiolojia ya petroli, na alikuja akijua anasomea uhandisi. Fani ni nzuri, hakuna ubaya, ila yeye alikuwa ameshawatangazia ukoo mzima kwamba anakuwa injinia.

Kuhusu alama: kiwango cha chini cha jumla ni prinsipo mbili, yaani ufaulu wa masomo makuu mawili ya kidato cha sita, zenye jumla ya pointi 4.0 kwenye masomo yanayotajwa, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Maana yake D ya fizikia na D ya hesabu zinakupa haki ya kuomba. Haki ya kuomba, si nafasi. Programu yenyewe inaweza kutaka zaidi, na hata isipotaka, unashindana na watu wenye A. Wa PCM (fizikia, kemia, hesabu) mtulie. Wa PGM (fizikia, jiografia, hesabu) angalieni mstari unaozungumzia kemia, wakati mwingine wanairudia hadi ya kidato cha nne. Wa PCB (fizikia, kemia, biolojia), BAM, ile hesabu ya ziada mnayosoma, si hesabu ya prinsipo, msijitese.

Kwenye kupanga machaguo, usidharau uchenjuaji wa madini. Najua jina halina mvuto, mama yako hatalielewa, lakini mwamba wa Geita hautoki shimoni ukiwa mkufu. Lazima mtu ausage na kuitenga dhahabu, na mtu huyo analipwa. Petroli ina sifa kubwa zaidi mtaani. Mimi niliangalia hivi: gesi ya Songo Songo inazalishwa tangu 2004, Mnazi Bay nayo ipo, halafu ule mradi mkubwa wa gesi wa Lindi tumeanza kuusikia nikiwa shule ya msingi na tunaendelea kuusikia. Migodi inayochimba leo ni mingi kuliko maeneo yanayotoa gesi. Kwa hiyo nikaweka migodi kwanza, uchenjuaji pili, petroli tatu. Wewe panga unavyoona, mradi usijaze chaguo moja ukaacha mengine wazi kwa kujiamini.

Malipo ni rahisi. Mfumo unakupa namba ya malipo, unaingia kwenye simu, Malipo ya Serikali, unalipa. Nilitoa 10,000 kwa kila chuo. Meseji ya malipo usiifute.

Sasa tufike nilipoungua.

Matokeo yalipotoka Julai nilikuwa kambini JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria. Baba mdogo akasema nisihangaike, kuna kijana wa steshenari pale stendi anayajua hayo mambo. Na kweli anayajua: siku moja tu, vyuo viwili, kazi imekwisha. Ila kwenye sehemu ya simu aliandika namba yake. Kwenye barua pepe akaweka ile anayoitumia kwa wateja wote. Kwake ilikuwa kurahisisha kazi.

Awamu ya kwanza ikatoka, nimechaguliwa vyuo viwili, kimoja migodi na kingine petroli. Nyumbani shangwe. Lakini ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima uthibitishe kimoja ndani ya siku chache zilizotangazwa, na unathibitisha kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu na barua pepe ulizoombea. Namba yangu ilitumwa, tena bila kuchelewa, ikaenda kwa kijana wa steshenari aliyekuwa kijijini kwao msibani, simu haipatikani. Barua pepe paswedi anayo yeye. Nikaingia kwenye akaunti nikabonyeza niombe namba upya. Mfumo ukanijibu kwa bashasha kwamba imetumwa. Nikabonyeza mara tatu, na mara tatu ikatumwa.

Simu ya msaada ya chuo iliita mpaka ikachoka. Nikapanda basi. Nje ya ofisi kulikuwa na foleni, na ndani mama mmoja mwenye daftari kubwa la kaunta anaorodhesha wenye shida. Mimi nilikuwa wa 41. Nilipofika mbele hakuinua hata kichwa.

"Steshenari?"

"Ndiyo, mama."

"Andika barua. Ambatanisha kitambulisho na matokeo. Urudi kesho."

Namba ya simu ilibadilishwa kesho yake saa kumi jioni, nikathibitisha migodi nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ofisi ile ile, muda umebaki chini ya siku moja. Hesabu: nauli ya kwenda na kurudi, gesti usiku mmoja, kutoa nakala mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikuwa hafifu. Wiki iliyofuata nikapata meseji: "Dogo kuna namba ya siri imeingia huku ni ya kwako? Nitumie ya soda."

Kwa hiyo fanya hivi. Tumia laini iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole na barua pepe uliyofungua mwenyewe, vyuo vyote namba ile ile. Kama unaenda kambini, mwachie laini mzazi, iwe kwenye simu inayowashwa, na mwandikie paswedi kwenye karatasi. Steshenari ukienda, nenda kutumia kompyuta yao tu. Kabla ya kutuma, chapisha ukurasa wa muhtasari usome namba ya simu tarakimu moja moja. Majina yakitoka, thibitisha chuo kimoja, kile unachokitaka, usisubiri siku ya mwisho maana siku hiyo mtandao huwa unasumbua. Aliyechaguliwa chuo kimoja naye asome tangazo la chuo chake asije akalala.

Wanaotoka stashahada, mathalani Chuo cha Madini Dodoma, njia ni hiyo hiyo kwa tofauti mbili: GPA (wastani wa alama za stashahada) isiyopungua 3.0, na AVN, namba ya uhakiki wa stashahada kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Bila AVN fomu haiendi mbele. Iombeni mapema, kabla dirisha halijafunguliwa.

Mkopo unaombwa kivyake kwa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, usidhani chuo kikikuchukua bodi imeshajua. Namba ya mtihani wa kidato cha nne unayotumia huko iwe ile ile uliyoombea chuo. Waliorudia mtihani ndio hukwama hapa, wanaweka ya kwanza huku na ya pili kule, mifumo haiwatambui kama mtu mmoja. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa kwanza na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, hilo lifanye ukiwa bado unasubiri matokeo. Na kama ufaulu wako wa sayansi ni wa juu kabisa, fuatilia tangazo la Samia Skolashipu, ufadhili wa serikali, ipo tangu 2022/23, usiseme tu kwamba ni ya watoto wa wakubwa.

Siku ya kusajili beba vyeti halisi na nakala zaidi ya walizoandika kwenye barua ya kujiunga. Waliandika mbili. Dirishani wakataka nne, na mashine ya kutoa nakala iliyo karibu, bila shaka, iko steshenari.