Leza kwenye mfereji wa mzizi: anza na jino lililong'olewa

Jino la kwanza nililolipiga leza nililichoma. Heri halikuwa mdomoni mwa mtu. Lilikuwa chonge la juu, limekaa wiki mbili kwenye kichupa cha maji ya dripu. Nilipolipasua nikakuta ukutani mwa mfereji, ile njia nyembamba ya neva ndani ya mzizi, doa jeusi, dogo kama mbegu ya mchicha. Hapo ndipo mkono wangu ulisita.

Kwa hiyo, mwenzangu uliyeletewa mashine ya leza ya dayodi juzi, mgonjwa asubiri kwanza. Tafuta meno ya mzizi mmoja yaliyong'olewa na usiyaache yakauke, maana dentini (sehemu ngumu inayouzunguka mfereji) ikikauka hupasuka yenyewe, halafu utaisingizia leza.

Andaa mfereji kama siku zote: faili (kisindano cha kukwangua kuta), hipokloriti (dawa ya kuua bakteria), kisha EDTA ya asilimia 17, kimiminika cha kuondoa utando, kwa dakika moja. Hii ya mwisho usiiruke. Faili huacha utando wa unga uliosagika, nao huziba vijitundu vya dentini. Bakteria wamejificha humo ndani, mbali kuliko hipokloriti inavyofika, na ndiyo sababu ya kuhangaika na leza. Suuza, kausha kwa vijiti vya karatasi. Kwa mgonjwa, hakikisha hakuna hata tone la damu: mwanga wa dayodi hupenda rangi nyeusi na nyekundu, na damu ikigusa ncha ya uzi wa kioo unaopitisha mwanga huo, ncha inageuka kaa la moto.

Miwani ivaliwe na kila aliyemo chumbani, na iwe ya urefu wa mawimbi wa mashine yako (nanomita 810, 940 au 980). Miwani ya jua haisaidii kitu.

Mimi natumia uzi wa mikroni 200, wati 1.5. Utie alama uzi, uishie milimita 1 kabla ya ncha ya mzizi. Kanyaga pedali huku mkono umeshaanza kutoka, ukizungusha taratibu na kugusa kuta, kama milimita 2 kwa sekunde. Ukifika juu, achia pedali. Pumzisha sekunde 10 au zaidi, rudia mara nne. Ukiweza, bandika waya wa kipimajoto nje ya mzizi: joto likipanda kwa zaidi ya nyuzi 10 za Selsiasi, kwa mgonjwa ungekuwa unachoma mfupa.

Sasa pasua. Chora mfuo kwa diski pande mbili za mzizi bila kufika mfereji, pachika spatula, zungusha. Ukuta uliopona ni wa rangi ya maziwa, haung'ai. Ukiona sehemu inang'aa kama kioo, dentini imeyeyuka ikaganda, vijitundu vimezibwa. Weusi ni kosa la mkono au uzi mchafu. Kata ncha ya uzi, anza upya.

Leza ya erbiamu ni habari nyingine kabisa. Mawimbi yake, nanomita 2,940, hunywewa na maji, kwa hiyo huchimba dentini na kuacha vijitundu wazi. Usichukue vipimo vya hapa ukavipeleka huko. Na hakuna leza, hii wala ile, inayofanya kazi ya faili na hipokloriti.

Mimi nilifika jino la kumi na moja ndipo nikapata matatu mfululizo yasiyo na doa. Mgonjwa wa kwanza nilimpa miadi wiki iliyofuata.