Somo: Mazoezi ya mbwa wa mbegu kubwa kwa hali ya hewa ya Tanga

Somo hili ni kwa wanaofuga Boerboel, Great Dane, Mastiff na wenzao, mbwa ambao wakikomaa hupita kilo 45, na dume aliyeshiba huweza kufika 80. Jioni kwenye barabara ya Raskazone utamwona kijana kapakiwa kwenye bodaboda, kashika mnyororo, na mbwa ambaye hata mwaka hajafikisha anakimbizana na pikipiki, ulimi nje. Mwenye mbwa anaamini mwili mkubwa lazima uchoshwe. Jamani, mwili ule ni mzigo, na anayeubeba bado ni mtoto.

Hatua ya 1: Anza na umri, usiangalie kimo

Kwenye ncha za mifupa mirefu ya mbwa anayekua kuna tabaka la gegedu, yaani mfupa laini ambao haujakomaa, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Mbwa wa mbegu ndogo hulifunga, yaani likageuka mfupa mgumu, kabla ya kutimiza mwaka. Hawa wetu huendelea hadi miezi 18, wengine 24. Mbio za kila siku kwenye lami, kuruka ukuta na kupanda ngazi huweza kuliumiza, mguu ukakua umepinda, au viungo vikachakaa mapema.

Wafugaji wengi hutumia kipimo cha dakika 5 za kutembea na mnyororo kwa kila mwezi wa umri, yaani mwenye miezi 4 atembee dakika 20. Ni makadirio tu, ila yanakuzuia kupitiliza. Kucheza mwenyewe uani hakumo kwenye hesabu hiyo, kwa kuwa uani akichoka analala. Ukiwa umemshika hawezi kulala. Atakufuata mpaka miguu ikatae, maana anakupenda kuliko anavyojihurumia.

Hatua ya 2: Chagua saa

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi; hupoza mwili kwa kuhema. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo anahema sana na anapoa kidogo. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo mibaya zaidi. Toka naye saa kumi na mbili asubuhi, au jioni jua likishazama. Kabla ya kukanyaga lami, weka mgongo wa kiganja chako chini kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo hazitavumilia.

Wa Ngamiani, subirini kwanza waumini watoke msikitini. Mtu mwenye udhu hataki pua ya mbwa iguse kanzu yake, na ana haki. Fupisha mnyororo, hamia upande wa pili wa barabara, salimia. Mbwa mwenye chanjo ya kichaa na mwenye adabu njiani hapigwi mawe.

Hatua ya 3: Tumbo

Hapa naomba msome taratibu. Mbwa wenye kifua kirefu, Great Dane akiongoza, hupatwa na tumbo kujaa gesi kisha kujizungusha. Damu haipiti, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Usimtoe mbio akiwa ameshiba. Acha saa mbili zipite. Akirudi, aheme kwanza hadi atulie ndipo ale. Mgawie chakula mara mbili au tatu kwa siku badala ya sufuria moja la ugali na dagaa usiku.

Ukimwona anajikakamua kutapika na hakitoki kitu, tumbo limekaza kama ngoma, hatulii alipo, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Usingoje asubuhi, usimnyweshe mafuta.

Hatua ya 4: Ardhi

Mchanga mkavu unaozama huchosha misuli ya miguu. Bahari ikitoka, mchanga wenye unyevu uliokaza ni mzuri sana, ila epuka matumbawe na chaza, hukata nyayo. Kuogelea ni bora zaidi kwa viungo. Beba maji ya kunywa, maana akinywa ya chumvi atatapika na kuharisha. Mkirudi, msuuze kwa maji ya bomba.

Hatua ya 5: Msome mbwa wako

Ulimi ukitanuka nchani na kuning'inia, ufizi ukawa mwekundu sana, akaanza kubaki nyuma au kukimbilia vivuli, simama hapo hapo. Akiyumba, huo ni ugonjwa wa joto. Mmwagie maji ya baridi mwili mzima, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari. Usimfunike taulo lililolowa ukamwacha nalo, linazuia joto kutoka.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Chumbageni: Shikamoo mwalimu. Boerboel wangu ana mwaka, anafukua ua wote. Nisipomkimbiza nitamfanyaje?*

Marahaba. Mpe kazi ya pua. Tawanya dagaa wakavu kwenye nyasi au ndani ya gunia kuukuu, mwache awatafute. Robo saa ya kunusa inamchosha vizuri bila kugusa viungo. Umfundishe pia kukaa na kungoja getini.

*Mwanachama, Muheza: Nampeleka shamba kwa pikapu, anaruka mwenyewe kushuka. Kuna ubaya?*

Upo, ndugu yangu. Akiruka, uzito wote unaangukia miguu ya mbele. Chukua ubao mpana, ugongomelee gunia ili asiteleze, uegeshe nyuma ya gari. Kwanza mzoeze ubao ukiwa umelazwa chini.

*Mwanachama, Sahare: Jike langu la miaka 5 huchechemea akiamka, akitembea kidogo kuchechemea kunaisha. Nimpe dawa ya maumivu ya duka?*

Hapana, dada. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu huweza kumtoboa tumbo na kuua figo. Kuchechemea kwa namna hiyo mara nyingi ni viungo kuchakaa, kwa hiyo apimwe na daktari. Wakati unangoja, tembea naye mara fupi fupi na mtandikie godoro kuukuu, asilale kwenye sakafu. Papasa mbavu zake pia: kama huzisikii chini ya vidole, punguza chakula kuanzia leo.